Kabla hujanunua AC, lipime paa kwanza

Kaskazi ikikaza, kuanzia Januari hadi mvua za masika zinapokaribia, mambo mawili hupanda pamoja katika miji yetu ya Pwani: joto, na gharama ya kulivumilia. Maduka ya vifaa vya umeme hupanga feni hadi barazani, mafundi wa AC hawashikiki, na kwenye vikundi vya WhatsApp vya mitaa malalamiko ni yale yale: token za mwezi zimeisha katikati ya mwezi.

Hoja yangu leo ni kwamba tunatibu bila kupima. Mtu hununua AC kwa mkopo, akaifunga kwenye chumba ambacho hajui joto lake laingilia wapi. Baada ya miezi mitatu hulaumu mashine, fundi na kampuni ya umeme, na pengine kosa lote liko juu ya kichwa chake, kwenye paa. Kifaa cha kuonyesha kosa hilo kipo. Ni kamera ya joto, na nadhani wakati umefika tuizungumzie Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu kama jambo letu. Si kitu cha viwandani na mahotelini pekee.

Kamera yenyewe hufanya nini

Kamera ya kawaida hupokea mwanga. Kamera ya joto hupokea mionzi isiyoonekana kwa jicho, ambayo hutoka kwenye kila kitu kulingana na joto lake. Mionzi hiyo iligunduliwa mwaka 1800 na mtaalamu wa nyota William Herschel, huko Uingereza. Aliupitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu ukatawanyika rangi zake, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kipimajoto kilichopanda zaidi ya vyote kilikuwa nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona chochote.

Leo kuna kamera za joto ndogo kama kiberiti, zinazochomekwa kwenye simu. Bei yake bado ni makumi ya maelfu ya shilingi, kwa hivyo si kitu cha kila nyumba, lakini kikundi, kamati ya msikiti au fundi mwenye kazi zake anaweza kuimudu. Kwenye skrini, penye joto huonekana pekundu, manjano au peupe, na pa baridi huonekana buluu au zambarau. Rangi hizo hupakwa na programu ili tuelewe tunachokitazama. Jambo hilo nitalirudia, maana ndipo wajanja wanapopitia.

Ulaya kamera hii hutumika zaidi wakati wa baridi kali, kutafuta joto linalotoroka nyumbani. Uingereza kuna halmashauri na vikundi vya jamii vinavyowaazima wakazi kamera hizo kwa siku chache. Sisi tuna tatizo la kinyume: joto latuingilia. Kanuni ni zile zile, ila safari ya joto imegeuka.

Hapa kwetu itaonyesha nini

Tuanze na paa. Bati kuukuu lenye kutu, au lililopakwa rangi nzito, linaweza kuvuka digrii 60 kwenye jua la saa saba mchana. Kama hakuna dari, hilo ni jiko lililofunikizwa juu ya kitanda. Watu wengi hudhani joto la chumba ni la hewa peke yake. Hewa inaweza kuwa na digrii 32, lakini dari inayokutazama ikiwa na 40, mwili wako unapokea mionzi yake moja kwa moja, kama unavyohisi uso ukikaa mbele ya jiko la makaa. Feni haizuii mionzi hiyo. Inachofanya ni kukausha jasho. Ndiyo maana unaweza kuwa na feni mbili chumbani na usingizi usije.

La pili ni zege. Wanaoishi ghorofa ya mwisho Tudor, Bamburi au Mtwapa hawahitaji kuambiwa. Zege hufyonza jua mchana kutwa, kisha hulitoa polepole usiku. Saa tatu za usiku nje upepo umeshapoa, watu wako barazani wanapunga hewa, lakini chumbani bado ni tanuri. Ukiilenga kamera kwenye dari wakati huo, utaona dari ina joto kuliko kuta. Ukishuka ghorofa mbili chini ndani ya jengo hilo hilo, utaona dari na kuta zinalingana. Picha hizo mbili zinajibu lile neno tulilolizoea, kwamba hilo ni joto la Mombasa tu. La Mombasa ni hilo la ghorofa ya chini. Lililozidi juu ni la jengo.

La tatu ni chumba chenye AC. Hapa kamera hufichua vitu ambavyo macho hupita: nafasi chini ya mlango, madirisha ya vioo vya vipande ambavyo havifungi sawasawa, tundu ukutani ambapo fundi alipitisha bomba la AC akaliacha bila kuliziba. Kwenye picha, hewa ya moto inayoingia huacha alama kama ulimi wa rangi sakafuni na ukutani. Ziba hizo nafasi, na mashine ile ile itapumzika mara nyingi zaidi.

La nne ni unyevu. Ukuta wenye maji ndani yake huonekana baridi, kwa sababu maji yanapokauka huchukua joto. Bomba linalovuja ndani ya ukuta, au tangi la juu linalochuruzika kwenye zege, mara nyingi hujitokeza kama doa la buluu kabla ya rangi ya ukuta kubanduka. Fundi huhitaji kuthibitisha kwa kipimo cha unyevu, lakini angalau anajua pa kugusa kabla ya kuvunja.

La tano, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni nyaya. Muungano wa waya uliolegea hupata moto umeme unapopita. Hewa yetu ya chumvi hula shaba na chuma, na nyumba nyingi ziliwekwa nyaya za taa na redio, leo zinabeba friji, kipasha maji cha kuogea na AC mbili. Kwenye sanduku la fyuzi, waya unaopata moto hung'aa peke yake katikati ya wenzake waliopoa. Huo ndio ufa ambao usipoziba hutajenga ukuta tu, utajenga nyumba nzima, na Mungu apishe mbali, utazika. Hata kama mtu hajali bili, sababu hii moja yatosha.

Hesabu ya token

Tangu Aprili 2023, wateja wa majumbani nchini Kenya wamegawanywa makundi matatu kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na waliozidi 100. Kila kundi lina bei yake, na ukihama kundi, bei mpya hupiga uniti zako zote, si zile zilizozidi peke yake. Kwa hivyo uniti ya mia moja na moja ni ghali kuliko inavyoonekana.

Sasa tupige hesabu ya nyumba ya kawaida isiyo na AC. Feni ya dari ya wati 70 ikizunguka saa 10 kwa siku hula uniti 0.7, yaani 21 kwa mwezi. Feni mbili ni 42. Friji ya kawaida inayokula kama uniti moja kwa siku ni 30. Hapo umefika 72 kabla ya taa, televisheni, pasi na simu. Nyumba kama hiyo iko karibu na mpaka. Mpira wa mlango wa friji ukichakaa, hewa ya moto inaingia na mashine haipumziki. Zidisha hapo feni ya tatu kwa sababu dari inachoma, na umevuka.

Nyumba yenye AC ni hadithi nyingine kabisa. Mashine ya BTU 12,000 huvuta takriban kilowati moja ikifanya kazi kwa nguvu. Saa sita kila usiku ni uniti 6, na kwa mwezi ni 180. Mashine hufanya kazi kwa nguvu namna hiyo ikiwa chumba hakipoi, na chumba hakipoi ikiwa dari inamwaga joto na mlango unapitisha hewa. Hapa ndipo kamera inapolipa gharama yake: inakuonyesha kama unapoza chumba au unapoza mtaa.

Mlipaji si mwenye paa

Niseme jambo ambalo wengi hulizunguka. Asilimia kubwa ya watu wa mijini Pwani ni wapangaji. Mpangaji hulipa token. Mwenye nyumba humiliki paa. Paa likipakwa rangi nyeupe au likiwekewa dari, pesa ni za mwenye nyumba na nafuu ni ya mpangaji. Kwa nini basi mwenye nyumba ajisumbue? Huu ndio mkwamo wenyewe, na hakuna kamera itakayouondoa peke yake.

Ila picha hubadilisha mazungumzo. Mpangaji mmoja akisema "kwangu kuna joto", ni malalamiko. Wapangaji wanane wa ghorofa ya juu wakileta picha za dari zao na za ghorofa ya chini, zilizopigwa usiku mmoja, hayo ni maelezo. Mwenye nyumba anayesikia vibaya anaweza kuyapuuza, lakini mwenye akili atakumbuka kwamba ghorofa hiyo ndiyo inayokaa tupu kila mwaka kuanzia Februari, na wapangaji wake ndio wanaohama kwanza. Ndoo chache za rangi nyeupe ni nafuu kuliko miezi miwili ya chumba bila mtu. Na kama wapangaji wako tayari kuchangia kazi hiyo kisha ikatwe kwenye kodi, waandikiane mbele ya mashahidi, si kwa maneno ya ngazini.

Nawaambia pia wenye nyumba wanaojenga sasa: kuongeza ghorofa moja ya zege tupu bila kivuli juu yake ni kujenga chumba kitakachokupa ugomvi milele.

Wazee hawakuwa na kamera

Atakuja mtu aniulize: wazee wetu waliishi vipi? Swali zuri. Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na zile za Mji wa Kale Mombasa, zilijengwa kwa kuta nene za matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti za mikoko, kiwanda cha ndani cha kuvuta hewa, na vichochoro vinavyopeana kivuli. Makuti nayo hayapeleki joto ndani kama bati.

Lakini tusijidanganye kwamba ukuta mnene ni dawa peke yake. Ukuta mnene unaopigwa na jua siku nzima nao huweka joto, kama zege. Zile nyumba zilipoa kwa sababu ya kivuli na upepo pamoja na huo unene. Sisi tumeziba viwanda kwa vyumba vya kupangisha, tumepandisha bati juu ya dari za zamani, na tumepiga plasta ya saruji juu ya kuta za chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya matumbawe, chumvi ikapanda, na ukuta ukaanza kumomonyoka. Wanaorekebisha nyumba za kale wangetumia kamera ya joto kuona maji yamekaa wapi kabla ya kupiga plasta nyingine, wangeokoa pesa na kuta.

Na stara je?

Hofu hii nimeisikia zaidi ya mara moja, na si ya kuchekwa. Mtu anauliza: kamera inayoona joto si itaona waliomo ndani? Haioni kupitia ukuta. Inasoma joto la uso wa ukuta tu. Hata kioo cha dirisha haikipenyi. Ukiielekeza kwenye kioo utaona kivuli cha joto lako mwenyewe likirudi, kama kwenye kioo cha kujitazamia.

Hata hivyo, joto la nje ya nyumba linaweza kusema mengi: chumba gani kina AC, wapi pana moto usiku. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Kyllo, iliamua kwamba polisi waliopima nyumba ya mtu kwa kamera ya joto bila kibali cha mahakama walifanya upekuzi. Walikuwa wakitafuta taa za kukuzia bangi. Kwetu, Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data. Lakini kabla ya sheria tuna hodi. Anayepima nyumba abishe, aeleze, apewe ruhusa, picha zibaki kwa mwenye nyumba, na vyumba vya ndani vipimwe na mafundi wanawake pale familia inapotaka hivyo. Mtu yeyote anayezunguka mtaani akipiga picha za kuta za watu kutoka barabarani aulizwe ametumwa na nani.

Jihadhari na picha nyekundu

Biashara ikinoga, wauzaji wa rangi, dari na AC watakuja na kamera mkononi. Nawapa mambo matatu ya kuwauliza.

Kwanza, nambari. Kamera hupanga rangi zake yenyewe kulingana na kilicho mbele yake. Tofauti ya digrii mbili inaweza kuonekana kama moto na barafu. Tazama kipimo kilicho pembeni mwa picha, kinachoonyesha digrii za chini na za juu. Kama picha haina kipimo, haina maana.

Pili, saa na hali ya hewa. Kutafuta hewa inayopenya kwahitaji tofauti kubwa kati ya ndani na nje. Ulaya hupendelea angalau digrii 10. Kwetu tofauti hiyo ni ndogo, kwa hivyo chumba cha AC kipimwe kikiwa kimepozwa muda mrefu na mchana ukiwa mkali. Paa lipimwe mchana, dari ya zege usiku. Anayekuja asubuhi ya mawingu, AC imezimwa, anapoteza wakati wako.

Tatu, vitu vinavyong'aa. Bati jipya na karatasi ya fedha hutoa mionzi kidogo na hurudisha ile ya vitu vilivyo jirani. Kamera ikilitazama bati jipya inaweza kusema limepoa kumbe linachoma, kwa sababu inasoma baridi ya anga iliyoakisiwa. Fundi anayejua kazi hubandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme juu ya bati, akasubiri, kisha akapima hiyo tepu.

Na mimi nisiwe muuzaji mwingine. Kama unaishi kwenye nyumba ya bati isiyo na dari kabisa, usimlipe mtu akupigie picha. Tatizo lako linajulikana. Pesa hiyo itie kwenye dari. Kamera ina faida pale ambapo kosa limejificha, pale ambapo kuna makosa mengi na pesa kidogo, au pale unapohitaji kumthibitishia mtu mwingine.

Serikali iko wapi

Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliwataka watumiaji wakubwa, wanaofika uniti 180,000 kwa mwaka, wafanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Hiyo ni uniti 15,000 kwa mwezi: mahoteli, viwanda, hospitali kubwa. Mantiki yake naielewa, maana mahali pamoja hupatikana akiba kubwa. Lakini jengo la ghorofa lenye mita arobaini ndogo ndogo halimo, ingawa jumla yake si haba. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zilichukua nafasi ya zile za 1968. Nusu karne na zaidi tulijenga kwa vitabu vya zamani. Kazi sasa ni ya kaunti, zinazopitisha ramani na kutuma wakaguzi.

Kaunti zetu sita zingeweza kuanza na hatua ndogo zisizohitaji mfadhili. Zinunue kamera chache na kuzipa vyuo vya ufundi, ili vijana wanaosomea umeme na ujenzi watoke wakijua kuzitumia. Mazoezi yao wayafanye kwenye majengo ya umma: zahanati zinazohifadhi chanjo, madarasa ya chekechea yenye bati tupu, ofisi za wadi. Misikiti na madrasa nazo ziombe kupimwa. Tuna misikiti yenye AC nne na milango iliyo wazi kutoka adhuhuri hadi isha, na bili inalipwa kwa sadaka ya waumini. Kamati yoyote ingependa kuona sadaka hiyo inatokea mlango gani.

Na kila mpangilio wa ukaguzi uanze na sanduku la fyuzi kabla ya kitu kingine chochote. Bili inaweza kungoja mwezi ujao. Waya unaowaka haungoji.

Mpaka hapo kamera zitakapofika, kiganja chako kipo. Wiki hii, saa tatu za usiku, zima feni, panda juu ya kiti kilicho imara, uguse dari, kisha uguse ukuta. Kama dari ina joto kuliko ukuta, umeshajua adui yako ni nani, na si hewa. Andika tarehe na saa, mwambie jirani wa ghorofa ya chini afanye vivyo hivyo, kisha nendeni pamoja kwa mwenye nyumba mkaongee habari ya rangi nyeupe kabla hamjaongea habari ya AC.